Nani Kasema Baiskeli Lazima Ikaliwe Wima?

Vijana wenzangu, leo nataka kugombana. Sigombani na mtu. Nagombana na kanuni moja iliyopitishwa mwaka 1934, ambayo mpaka leo inatuchagulia kipi kiitwe baiskeli na kipi kiitwe kichekesho.

Ipo baiskeli ambayo mpandaji wake hainamii usukani. Anakaa ameegama kama mzee kwenye kiti cha uvivu, mgongo nyuma, miguu mbele kwenye pedeli. Ukiivalisha gamba lenye umbo la samaki, inakata upepo kama kisu. Mwonyeshe mtu picha yake, atacheka. Haya, acheke. Lakini akimaliza anijibu: mbona hicho kichekesho ndicho kinachokimbia kuliko zote?

Tuanzie Paris. Fundi Mfaransa, Charles Mochet, aliunda baiskeli ya namna hiyo akaiita Vélocar. Tarehe 7 Julai 1933 ilipandwa na Francis Faure, mwendeshaji wa daraja la pili tu, wala si nyota. Jamaa akaenda kilometa 45.055 kwa saa moja. Rekodi ya Oscar Egg ya kilometa 44.247, iliyodumu tangu 1914, chali!

Wakubwa wa mchezo wakafanyaje? Wakakaa kikao. Mwaka 1934 shirikisho la kimataifa la mchezo huo, UCI, likaamua kwamba chombo kile si baiskeli. Basi. Maurice Richard, ambaye Agosti 1933 alikwenda kilometa 44.777 kwa baiskeli ya kawaida, ndiye akabaki na rekodi. Angalieni hesabu hiyo, jamani: 44.777 imeishinda 45.055! Mtoto wa darasa la tano akiandika hivyo anapewa sifuri.

Wanaowatetea husema mashindano ni ya watu, si ya mashine. UCI yenyewe iliandika wazo hilo mwaka 1996 katika Mkataba wa Lugano: mtu kwanza, chombo baadaye. Hoja tamu, lakini haisimami. Gia za kuhamisha cheni zilikatazwa kwenye Tour de France mpaka 1937, kisha zikaruhusiwa. Fremu za chuma zikaachwa, zikaja za kaboni. Breki za diski nazo zikakaribishwa. Kwani hizo si mashine? Na injini ya Faure ilikuwa nini kama si mapaja yake mwenyewe?

Siri ni upepo. Kwenye barabara tambarare, ukishika kasi, nguvu zako nyingi zinaishia kusukuma hewa. Ukiongeza kasi mara mbili, upinzani wa hewa unapanda mara nne, na nguvu ya kuushinda inapanda mara nane. Mwenye akili hapigani na upepo, anaupunguzia kifua. Mwaka 2016, huko Battle Mountain, Nevada, Marekani, Todd Reichert alijifungia ndani ya chombo kiitwacho Eta akafikisha kilometa 144 kwa saa. Bila tone la petroli, miguu mitupu!

Mtasema hayo ni ya wasaka rekodi. La hasha! Uholanzi, nchi tambarare, wapo watu wa kawaida wanaokwenda kazini kwa velomobili, chombo cha matairi matatu kilichofunikwa gamba. Mvua inanyesha, mtu anasonga. Mfuko wa sokoni uko nyuma ya siti. Makalio hayafi ganzi.

Kasoro sizifichi. Mlimani huwezi kusimama juu ya pedeli ukakanyaga kwa uzito wa mwili. Chombo kiko chini, dereva wa lori anaweza asikuone, ndiyo maana wengi hufunga kijibendera. Na bei! Velomobili mpya ni maelfu ya yuro, haishikiki kwa kijana anayehangaikia nauli. Lakini jiulizeni kwa nini. Viwanda hupenda kutengeneza kwa wingi kile ambacho watu wanaona mabingwa wakikipanda. Kilichofukuzwa uwanjani kimebaki mikononi mwa mafundi wachache. Kwanza wakinyime uwanja, halafu wakilaumu kwa kukosa watu! Anayeumia ni mtu wa kila siku, ambaye angefika mbali zaidi kwa jasho lilelile.

Kwa nini naandika haya kwenye jarida la fasihi? Kwa sababu kikao kile tunakijua. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofungwa na vina na mizani, ubishi haukuwa tu kama ni mazuri. Ulikuwa kama ni mashairi. Ndiyo njia rahisi ya kumshinda aliyekuzidi: hukimbizani naye, unamfutia jina.

Sidai baiskeli zote zichanganywe kwenye mbio moja. Nadai UCI iipe hii ya kuegama daraja lake, na rekodi zake ziandikwe palepale zinapoandikwa nyingine. Tuone viwanda vitafanya nini.

Na wewe unayeandika riwaya yako ya kwanza usiku kwa kibatari, siku ukiambiwa "hii si riwaya", usikimbilie kufuta. Waulize kwanza: imekwenda kilometa ngapi?