Barabara ya Umma si Uwanja wa Mashindano

Wapo vijana wetu wanaoamini kwamba kuongeza msukumo wa turbo katika Subaru Impreza ndicho kilele cha ufundi. Ufundi upo, wala tusiudharau. Iringa iko mita zipatazo 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na turbo huirudishia injini pumzi iliyopungua. Msukumo ukizidi pasipo petroli ya kutosha, pistoni huyeyuka. Fundi hodari anayajua hayo. Asiyoyajali mwenye gari ni breki, matairi, na mwanafunzi anayevuka barabara.

Mbio za mita 402 hazihitaji barabara kuu iendayo Mbeya. Penye makazi ya watu sheria inaruhusu kilomita 50 kwa saa, basi. Mashindano ya magari ya Mkwawa hufungiwa njia na magari yake hukaguliwa. Mtu ye yote anayeshindana usiku juu ya lami ya umma anawanyang'anya wananchi mali waliyoilipia kodi. Huo ni ubinafsi mtupu, hata ukipakwa rangi ya buluu.

Askari wa usalama barabarani wayakamate magari hayo. Nao viongozi wa mkoa watenge njia moja, ifungwe kwa siku maalumu, vijana wakapimane nguvu huko.