Picha ya dirisha na majibu ya mgonjwa mwingine

Dada yangu ni karani wa takwimu katika kituo kimoja cha afya hapa mjini. Kwa muda mrefu kazi yake ilikuwa kutazama majibu ya damu kwenye programu ya mashine ya maabara, kisha kuyachapa upya, tarakimu kwa tarakimu, kwenye mfumo wa wagonjwa. Programu hizo mbili hazizungumzi. Jioni akirudi nyumbani alishindwa hata kusonga ugali kwa maumivu ya kifundo cha mkono.

Mdogo wetu wa kiume, anayesoma kompyuta chuoni, akamwonea huruma. "Dada, hii kazi kompyuta inaweza kuifanya yenyewe," alimwambia. Kwa ruhusa ya msimamizi wake, akaandika programu ndogo. Inapiga picha dirisha la programu ya maabara, inasoma tarakimu zilizo kwenye picha, halafu inazijaza kwenye mfumo. Wiki mbili za kwanza mkono ulipata nafuu, na sote nyumbani tulifurahi.

Alhamisi moja mkunga aliyashangaa majibu. Yalisema mjamzito aliyeketi mbele yake ana kiwango cha damu cha 6.2. Kwa mjamzito, chini ya 7 ni upungufu mkubwa wa damu, na mara nyingi mtu wa hivyo huchoka na kuhema kwa kutembea kidogo tu. Huyu alikuwa amepanda ngazi huku akicheka na simu. Mkunga akaagiza kipimo kirudiwe: 11.8. Ile 6.2 ilikuwa ya mama aliyepimwa kabla yake. Bahati nzuri, yule mwenye 6.2 naye majibu yake yalikuwa yamefika salama na alikwishapewa rufaa.

Kosa lilitoka wapi? Msomaji wangu, kuna njia mbili kuu za kupiga picha dirisha la programu nyingine. Ya kwanza ni kupiga picha skrini yote, kisha kukata kipande unachotaka. Hapo, chochote kinachofunika dirisha, hata tangazo la kusasisha kompyuta, kinaingia kwenye picha. Ya pili ni kuiomba Windows picha ya dirisha lenyewe, hata kama limefunikwa na lingine. Mdogo wetu alichagua hii ya pili, na ni bora. Lakini dirisha likishushwa kabisa chini ya skrini, picha mpya haziji. Siku ile dada alilishusha ili ajibu barua pepe. Programu ikabaki na picha ya mwisho iliyokuwa nayo, ikaisoma tena, ikampa mgonjwa aliyefuata.

Hiyo ndiyo hatari ya njia hii. Picha haijui ni ya nani. Inabeba kilichoonekana tu. Mtu akibadilisha ukubwa wa maandishi kutoka asilimia 100 hadi 125, tarakimu zinasogea na kipande kinakatwa pasipo. Nukta ndogo isiposomeka, 6.2 inakuwa 62.

Baada ya siku ile walikaa mezani wakarekebisha. Sasa programu inasoma kwanza namba ya mgonjwa ndani ya picha yenyewe, na isipolingana na iliyo kwenye mfumo inasimama na kumwita dada. Dirisha likishushwa, inasimama. Jibu likiwa nje ya kiwango kinachowezekana kwa binadamu, inasimama. Na hakuna jibu linalohifadhiwa kabla dada hajaliangalia kwa macho yake. Kasi imepungua, lakini bado ni nafuu kuliko kuchapa.

Lipo jambo la pili, ambalo ndilo lililonifanya niandike. Jumapili moja niliazima kompyuta ya mdogo wetu nyumbani, nikakuta folda yenye mamia ya picha. Alikuwa amezihifadhi ili achunguze makosa. Katika ile ya kwanza niliyofungua palikuwa na jina la mtu ninayemfahamu, na kipimo chake pembeni. Nilifunga haraka, lakini nilikuwa nimeshaona. Mpaka leo nikikutana naye macho yangu yanakwenda chini.

Kijana hakuwa na nia mbaya. Alitaka tarakimu, picha ikambebea na majina. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na picha ya skrini yenye jina la mgonjwa haina tofauti na faili lake. Tulizifuta zote siku ileile, naye akaenda mwenyewe kumweleza msimamizi. Sasa picha inakatwa ibaki sehemu inayohitajika tu, inasomwa, na inafutwa papo hapo bila kutoka kwenye kompyuta ya kituo.

Kama nyumbani kwako yupo anayechapa namba kutwa nzima, usimkataze kutafuta msaada wa kompyuta. Mwambie kwanza aulize kama mashine inaweza kutoa majibu kwa faili au kuunganishwa moja kwa moja na mfumo. Mashine nyingi za maabara zina uwezo huo, ila hakuna aliyeuliza. Kupiga picha dirisha kuwe njia ya mwisho.

Nawe ukipewa majibu yako, soma jina na namba iliyo juu kabla ya kusoma kipimo. Yasipofanana na hali unayoiona mwilini mwako, omba yahakikiwe. Hakuna mkunga mzuri atakayekasirika.