Medali ya Aliyekaa Benchi



Juzi jioni niliwapita vijana wetu wakibishana nje ya kibanda cha mpira. Mmoja alisema Mariga hafai kuitwa bingwa wa Ulaya, kwa sababu siku ya fainali hakugusa mpira. Wenzake wakacheka. Mimi neno hilo lilinikosesha usingizi, na asubuhi hii nataka tuliongelee.

McDonald Mariga alizaliwa Nairobi mwaka 1987, mwana wa Noah Wanyama aliyechezea AFC Leopards. Alikuwa kiungo, mtu wa katikati anayekimbia sana na kutajwa kidogo. Alitoka ligi yetu akaenda Sweden, kisha Parma kule Italia. Januari 2010 alikaribia kujiunga na Manchester City, lakini mpango ukakwama kwa sababu ya kibali cha kazi. Mlango ulifungwa mbele ya macho ya Wakenya wote. Kabla dirisha la usajili halijafungwa, Inter Milan wakamchukua.

Huko Inter alikuta viungo wakubwa: Cambiasso, Sneijder, Stanković. Nafasi ilikuwa finyu. Tarehe 28 Aprili 2010, nusu fainali ugenini Barcelona, Inter walibaki wachezaji 10 baada ya Thiago Motta kupewa kadi nyekundu. Walibanwa usiku mzima. Dakika za mwisho Eto'o akatoka, Mariga akaingia kusaidia kufunga mlango. Walifungwa 1-0 lakini wakapita kwa jumla ya mabao 3-2.

Tarehe 22 Mei, fainali Madrid, Inter waliwafunga Bayern Munich 2-0, mabao yote ya Diego Milito. Mariga alikaa benchi mwanzo hadi mwisho. Na bado alirudi na medali, Mkenya wa kwanza kulitwaa kombe hilo.

Je, medali ile ni yake? Mimi nasema ni yake, na ninaye shahidi.

Fungua 1 Samweli 30. Daudi alikuwa na watu 600 wakiwafuatia Waamaleki. Walipofika kijito cha Besori, 200 walichoka, wakabaki na mizigo. Wale 400 waliendelea, wakapigana, wakarudi na nyara. Ndipo wengine wakasema waliobaki wasipewe kitu ila wake zao na watoto wao. Daudi akakataa. Aliyeshuka vitani na aliyelinda vyombo wagawane sawasawa. Akaifanya kuwa sheria katika Israeli.

Sasa turudi hapa kwetu Garissa.

Unakumbuka tarehe 1 Julai 2012, makanisa mawili ya mji huu yaliposhambuliwa watu wakiwa ibadani. Baada ya siku ile hata viongozi wa Kiislamu walitangaza kwamba vijana wao watasaidia kulinda makanisa, na hilo tusilisahau. Tangu hapo kila Jumapili kuna ndugu zetu wanaosimama langoni kwenye jua hili letu, wakikagua mifuko. Wewe unaimba, wao wanatazama barabara. Wewe unapokea neno, wao wanalisikia kwa mbali kupitia spika. Yuko mmoja aliyeniambia hajaketi kusikia mahubiri mpaka mwisho kwa miezi mingi. Hakulalamika. Aliniambia tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Na tulipogawa zawadi za shukrani mwisho wa mwaka, kwaya walipata, wapiga vyombo walipata, wahudumu walipata. Watu wa langoni tuliwasahau. Orodha ile niliipitisha mimi. Kwa hiyo wa kwanza kukosea ni mchungaji wako, na naomba msamaha hapa hadharani.

Kuanzia Jumapili ijayo langoni kutakuwa na zamu, ili kila mmoja apate siku ya kuketi ndani. Wazee wa kanisa, zamu ya kwanza ni yetu. Mimi mwenyewe nitashika kifaa cha kukagulia, na mtu mwingine atahubiri.

Lakini wewe unayesema, "Mchungaji, mimi pia niko benchi," nisikilize. Benchi si kitanda. Mariga alipoitwa pale Barcelona alikuwa amefanya mazoezi na wenzake, viatu vimefungwa. Angekuwa amenuna, angeingiaje? Mwalimu uliyeletwa huku mbali na kwenu, nesi unayengoja uhamisho mwaka wa tatu, mama unayeombea nyumba ambayo haijabadilika: kaa tayari.

Baadaye majeraha ya goti yalimpunguzia Mariga kasi. Alistaafu. Novemba 2019 aligombea ubunge Kibra, akashindwa. Desemba 2024 akachaguliwa makamu wa rais wa shirikisho letu la soka. Benchi halikuwa mwisho wake, na wala halitakuwa mwisho wako.

Jumapili hii, kabla hujaketi, msalimie kwa jina aliyekukagua langoni. Kama hulijui jina lake, muulize.

Baba, wakumbuke wanaolinda vyombo. Utufundishe kugawana sawasawa. Katika jina la Yesu.

Unayekubaliana nami, andika AMINA, kisha umtumie mmoja aliye langoni.