Kompyuta Inapogoma Baada ya Kuwekwa Mfumo Mpya

Tangu huduma ya kawaida ya Windows 10 ilipokoma Oktoba 14, 2025, wapo waliojiwekea mfumo endeshi mpya, kompyuta ikagoma kuanza. Kabla ya kuitoa Mkwaja kuipeleka kwa fundi Tanga mjini, chomoeni flashi iliyotumika, kisha muiwashe upya. Ikigoma, bonyezeni F2, F10 au Delete mara tu inapowaka, na katika mipangilio itangulizeni diski ya ndani.

Ikiendelea kugoma, msikimbilie kufomati: picha za wazee na orodha ya wanafunzi wa madrasa huenda zingali diskini, nako kufomati huzifuta. Washeni kwanza kwa flashi yenye Ubuntu, mnakili amana hizo kwenye flashi nyingine. Mfumo huwekwa tena; picha ya marehemu haina duka.