Usiweke kidole gumba ukiwa wodini (Sehemu ya 3)

Wiki jana tuliongea juu ya mtoto aliyegongwa barabarani: usimvute mguu, usimpe chai, mfunge kwa ubao na kitambaa umlete haraka. Leo sina bandeji. Leo naongea kuhusu karatasi, na najua kuna watakaosema sista ameanza uwakili. Someni kwanza.

Mimi nafanya kazi hospitali iliyo kwenye hii barabara ya Kitale kwenda Lodwar. Wenzangu wa huku mnaijua. Tangu mafuta yapatikane upande wa Lokichar mwaka 2012, barabara hii imebeba kila kitu: mabomba, mashine za kuchimbia, kokoto, dizeli, maji, hadi chakula cha kambi. Halafu kuanzia 2018 hadi 2020 mafuta yenyewe yakawa yanasafirishwa kwa malori mpaka Mombasa, zaidi ya kilomita 1,000, kwa sababu bomba la kuyapeleka pwani halikuwepo. Mpaka leo halijajengwa. Kwa hivyo mpango wowote wa kutoa mafuta Turkana unaanza na malori, na malori yanapita mlangoni kwetu.

Sheria ya Petroli ya 2019 inagawa mapato ya serikali hivi: asilimia 75 serikali kuu, 20 kaunti, 5 jamii. Kwenye mabaraza hiyo 5 inapiganiwa mpaka watu wanatupiana viti. Sawa, ni haki yetu. Lakini sijawahi kusikia baraza likiuliza mtoto akivunjwa mguu na lori la maji njiani kwenda shule, nani atalipa, na atalipa kwa kipimo gani.

Nitawaambia kitu ambacho sijapenda kukisema.

Mwaka 2019 tulipokea msichana wa miaka sita. Alikuwa na mama yake juu ya boda, lori la kokoto likawasukuma nje ya lami. Mama alichubuka tu. Mtoto alivunjika paja, karibu kabisa na goti. Siku ya tatu wakaja wanaume wawili, nguo safi, wana soda na mkate. Wakasema wametumwa na mwenye lori, wanasikitika, wangependa kulipa bili yote na kumpa mama shilingi 40,000 za kumtunza mtoto. Kulikuwa na karatasi ya kurasa mbili, kwa Kiingereza. Mama hakujua kusoma. Akaniangalia akaniuliza, "Sista, niweke?"

Nilikuwa na wagonjwa ishirini na tisa na tulikuwa manesi wawili. Bili ilikuwa inapanda kila siku. Nikamwambia, mama, pesa hiyo ni afadhali kuliko kutopata chochote. Na mimi mwenyewe ndiye niliyeleta ile pedi ya wino tunayotumia kwa fomu za kukubali upasuaji.

Alirudi msichana akiwa na miaka tisa na nusu. Mguu mmoja mfupi, goti limepinda kwa ndani, anatembea akishika ukuta. Daktari wa mifupa akasema atahitaji upasuaji, na huenda usiwe mmoja. Mama akaenda kwa mwenye lori. Akaonyeshwa karatasi yenye kidole chake.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo kazi yangu inaponiruhusu kusema. Mfupa wa mtoto si mfupa wa mtu mzima uliopunguzwa saizi. Karibu na goti, kifundo na kiwiko una sehemu laini ambapo unakulia. Ikiumia hapo, siku ya ajali eksirei inaweza kuonekana nzuri, plasta ikatolewa, mtoto akacheza. Miezi inapita, mguu mzima unaendelea kurefuka na ule mwingine unabaki nyuma, au unakua upande mmoja na kupinda. Na mtoto aliyekatwa mguu katikati ya mfupa, ule mfupa uliobaki unaweza kuendelea kukua mpaka usukume ngozi, akarudishwa tena chumba cha upasuaji. Mguu wa bandia nao anauacha kama viatu, pengine kila mwaka, mpaka amalize kukua. Kichwa pia. Mtoto aliyepoteza fahamu anaweza kuruhusiwa nyumbani anacheka, halafu akifika darasa la tatu mwalimu anasema huyu hashiki kitu.

Kwa hivyo mtu anayekuletea karatasi siku ya tatu inayosema umelipwa yote na hutadai tena, anakuuliza bei ya kitu ambacho hata daktari hajakiona. Huo ndio msimamo wangu. Wodi si mahali pa kumalizia madai ya mtoto, hata kama aliyekuja ana roho nzuri na mkate mkononi.

Najua mtaniambia nini. Kesi zinachukua miaka, mawakili wanakula pesa, na wazee wetu wamekuwa wakisuluhisha mambo kwa kusikilizana. Yote ni kweli. Sipingi kusikilizana. Napinga kusikilizana mtoto akiwa bado ananing'inia kwenye kamba za mguu. Hata sheria yenyewe inaona hatari hiyo: kesi ya mtoto inafunguliwa kwa jina lake kupitia mzazi au mlezi, na ikishafunguliwa, hamwezi kupatana nje bila ruhusa ya mahakama. Kama hakimu aliyeketi na faili yake hauachi mkataba wa mtoto upite hivi hivi, wewe ambaye hujalala siku tatu unaharakishwa kwa nini?

Na pesa ya bili? Pokea. Mwenye lori akitaka kulipa hospitali, alipe, risiti iandikwe. Akikupa ya chakula, pokea, lakini iandikwe kwamba ni msaada wa matibabu na si mwisho wa madai. Akikataa kuandika hivyo, basi ameshakujibu haikuwa msaada. Kila lori barabarani linatakiwa kisheria kuwa na bima ya watu wa nje, na bima hiyo inaweza kulipa hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja aliyeumia. Simaanishi utapata milioni 3. Nataka tu uiweke hiyo namba kando ya 40,000 uziangalie.

Sasa hizo karatasi. Anza na polisi. Tukio liandikwe kwenye kitabu cha matukio na upewe namba yake, kisha baadaye uchukue abstrakti. Hiyo abstrakti ndiyo ina namba ya gari na kampuni ya bima. Bila hiyo unamdai nani? Lori likiwa na trela lina namba mbili, ya kichwa na ya trela inayoanza na Z. Mtu wa boda apige picha zote mbili. Jina lililopakwa ubavuni si lazima awe mwenye gari, kwa sababu kazi za mafuta hupewa kampuni moja, nayo inakodisha ya pili, ya pili inakodisha lori la mtu binafsi, na siku ya ajali kila mmoja anaonyesha kidole kwa mwenzake.

Hospitalini, mwambie anayemwona mtoto aandike vizuri kilichotokea: aligongwa na nini, saa ngapi, alipoteza fahamu au la, ni mguu wa kulia au wa kushoto. Sisi tukichoka tunaandika "ajali ya barabarani" na kufunga faili. Tukumbusheni, hatutakasirika. (Akikasirika mmoja, ngoja zamu ibadilike.) Omba muhtasari wa kuruhusiwa, uweke eksirei mahali pakavu, na fomu ya P3 ijazwe. Kisha usiache kliniki. Kila ziara ya kliniki ni ushahidi kwamba mguu bado unauma, na mama akikosa kurudi miaka miwili, upande ule mwingine utasema mtoto alipona.

Muda una mwisho. Kudai mtu au kampuni iliyokuumiza kwa uzembe ni ndani ya miaka mitatu tangu ajali. Gari likiwa la serikali, ni miezi 12. Usijiambie mtoto atajidai mwenyewe akiwa mkubwa. Yule msichana wangu alirudi miaka mitatu na miezi imepita.

Kuna na wale wengine, madalali wa mawakili. Hawa huja mapema kuliko hata ndugu. Anajua jina lako, anajua kitanda, na wewe hujamwambia mtu. Mtu wa aina hiyo amepata habari zako kwa mfanyakazi wa ndani, nasema hivyo nikijua nitachukiwa Jumatatu. Wakili unamtafuta wewe. Uliza jina lake kamili, uangalie kwenye orodha ya Chama cha Mawakili kama ana leseni ya mwaka huu, na kabla ya kusaini chochote akueleze pesa ikitoka itaingia akaunti ya nani.

Na wewe ambaye mume wako ni dereva au tanboi wa hayo malori, usidhani haya hayakuhusu. Akiumia kazini, kuna sheria ya fidia ya wafanyakazi ya 2007. Mwajiri akishaarifiwa ana siku saba za kuripoti kwa ofisi ya usalama kazini, na madai yanatakiwa yaingie ndani ya miezi 12. Wake wengi hukaa wakingoja simu ya tajiri.

Yule mama hakunilaumu. Alikaa kwenye benchi la kliniki akaniambia, "Wewe ulinisaidia siku ile, sista." Nilienda stoo nikajifanya natafuta glavu.

Kwa yule aliyeniandikia inboksi jana akiuliza kama miezi minne ni kuchelewa: hapana, hujachelewa. Jumatatu nenda kituoni ukachukue abstrakti. Kliniki ya mifupa uje na zile eksirei, hata kama zimekunjika, na mtoto avae kaptula daktari aone magoti yote mawili.