Nani Aliyekwenda Kuionja?

Tunapowatembelea wanachuo katika mazoezi ya kufundisha, aghalabu tunakuta masomo yaliyoandaliwa kwa bidii yakivunjwa na swali moja la mtoto. Safari moja swali lilihusu chumvi. Mwanachuo wetu alikuwa akifundisha habari za sayari katika darasa la sita, akasema kwamba huko Mirihi iko chumvi ya jamii ya hii tuitiayo katika mboga, na kwamba wataalamu wameichora katika ramani. Msichana mmoja aliyeketi nyuma akauliza, "Mwalimu, nani aliyekwenda kuionja?" Darasa likacheka. Mwanachuo akamwamuru akae chini asipoteze wakati.

Sisi twaona kwamba somo lilikufa papo hapo, maana swali lile ndilo lililokuwa somo lenyewe.

Hakuna aliyeionja. Mwaka 2008 wataalamu waliokuwa wakichunguza picha za Mars Odyssey, chombo cha Marekani kilichorushwa mwaka 2001, walitangaza kwamba wameona dalili za chumvi za jamii ya kloridi katika mahali kama 200, kwenye nyanda za juu za kusini mwa Mirihi. Chombo hicho kina kamera ipimayo mionzi ya joto itokayo ardhini. Miamba mingi hutambulikana kwa mionzi yake kama mtu atambulikanavyo gizani kwa sauti. Lakini kloridi haina alama yake dhahiri katika mionzi hiyo. Ilijulikana karibu kwa ukimya wake. Ushahidi wa namna hiyo peke yake ni haba, na wataalamu walilijua hilo. Kwa hiyo walitazama pia mahali zilipolala: mabondeni, na pengine mwishoni mwa mikondo iliyokauka. Walitazama na sura yake, wakaona ardhi yenye weupe kuliko ya jirani, tena iliyopasukapasuka. Ndipo walipolinganisha na chumvi za duniani. Mwaka 2024 ikatolewa ramani nyingine, kutokana na picha za kamera ya chombo cha Ulaya kiitwacho Trace Gas Orbiter, kwa msaada wa kompyuta iliyofunzwa kutambua dalili hizo. Ramani hiyo ina mahali 965, penye upana wa baina ya meta 300 na 3,000.

Kulinganisha, basi, ndiyo kazi yenyewe, na hapa walimu wengi huteleza. Neno "kama" hutamkwa upesi mno darasani. Mwalimu akisema Mirihi ni kama Ziwa Natron, amepata nusu. Bonde la Natron halina mto utokao. Maji huingia, jua huyakausha, yaliyoyeyuka ndani yake hubaki. Hadi hapo mfano unafaa. Lakini kinachobaki Natron, na hata Magadi kule Kenya, kwa sehemu kubwa ni magadi, wala si kloridi. Mashamba ya chumvi ya pwani yetu yanakaribia zaidi kwa kitu chenyewe, ila huko maji ya bahari huingizwa na watu. Tena chumvi yetu iliyo wazi huyeyushwa na mvua za masika. Ya Mirihi haikupata mvua ya kuiondoa: wataalamu wawili wa Marekani walikadiria mwaka 2022, kwa kuhesabu mashimo yaliyopigwa na vimondo, kwamba maji yaliyoiacha yalitiririka miaka kama bilioni 2 iliyopita. Mwanafunzi asiyeambiwa tofauti hizi hakulinganisha kitu; amepewa picha tu.

Wenzetu wengine hutuambia kwamba hiyo ni anasa, maadam shule nyingi hazina hata mizani. Hatukubaliani nao. Somo hili lahitaji sinia tatu, udongo wa mfinyanzi, chumvi na unga kidogo. Katika kila sinia finyanga mteremko wenye kishimo chini. Katika la kwanza mimina maji ya chumvi nyingi juu ya mteremko, uliache juani hata likauke kabisa. Huenda likachukua siku kadhaa, kwa hiyo lisiandaliwe asubuhi ya somo! La pili linyunyizie unga juu ya mteremko, na la tatu utie unga kishimoni. Wanafunzi wasimame hatua 20 mbali, wachore katika karatasi ya miraba kila weupe waonao, na waseme lipi ni chumvi na kwa sababu gani. Kuonja ni marufuku. Mwalimu asikubali jibu lisilo na sababu, hata likiwa sahihi.

Mwanachuo wetu tulizungumza naye jioni ile, naye hakufurahi. Hata hivyo juma lililofuata alirudi darasani na sinia zake, akamwita yule msichana awe wa kwanza. Msichana alitazama kwa muda mrefu. Akasema la pili si chumvi, kwa kuwa weupe umekaa juu na maji hayapandi mlima. La kwanza akadhani ni chumvi, kwani weupe umefuata njia ya maji mpaka kishimoni.

"Na la tatu?" mwanachuo akauliza.

"La tatu sijui, Mwalimu. Naomba nisogee."