Ardhi ya Umma ni Amana



Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Makao makuu yaliamuliwa kuhamia Dodoma mwaka 1973. Je, Mgogo amepona? Kwa zaidi ya miaka 40 ardhi ya mji ilishikwa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ikitoa hati za miaka 33 tu, hata ikavunjwa Mei 2017, ardhi ikakabidhiwa manispaa na hati zikafanywa za miaka 99. Hilo twalisifu. Lakini hati ndefu si paa. Kiwanja kikiuzwa kwa mnada, hukitwaa mwenye fedha. Mwalimu na mchukuzi hubaki kuhama chumba hadi chumba.

Sheria ya Ardhi ya 1999 yanena kwamba ardhi yote ya Bara ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Sisi wenye maduka twajua: mali ya amana haiuzwi kwa faida ya aliyewekewa.

Na msiseme Dodoma ni mbali. Ni makao makuu ya Muungano, nasi tumo. Basi twadai: ardhi ya umma isiyo na kazi isiuzwe. Ijengwe nyumba za kodi nafuu, nayo ardhi ibaki ya wananchi.